Pembeni ya Mlango

Mpawenimana anadai kwamba ilikuwa asubuhi ya mgao wa maharage, naye anarudi bombani na dumu kichwani, alipomwona jirani yake Ndayikunda anatokea nyuma ya jiko na theluji mabegani. Hakuiita theluji. Aliiita unga. Akamwambia, "We Ndayikunda, unga wote huo umeutoa wapi na mgao bado haujafunguliwa?" Ndayikunda akajipangusa, ule unga ukaanguka, na pale ulipoangukia udongo ukalowa.

Watu wengine wa bloku ile ya kambi wanasema Mpawenimana huongeza chumvi, na kwamba siku ile haikuwa ya maharage, ilikuwa ya mafuta. Juu ya theluji yenyewe hawana ubishi. Watoto wake waliizoa kwenye kopo, ikawa maji, maji yakawa kidogo kuliko walivyotegemea. Mpawenimana akayamimina kwenye sufuria, maana foleni ya bomba ilikuwa ndefu na maji ni maji.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Jina la mahali silijui. Kuna baridi. Kuna mzee mmoja na mbwa."

"Mbwa mkali?"

"Hapana. Mzee haoni, mbwa ndiye anamwongoza njia."

"Basi ukienda tena uvae sweta," Mpawenimana alisema, akaingia ndani kutazama maharage.

Jambo hili lilianzia katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, wakati bado ina watu. Kulikuwa na kijana wa Kibondo mjini, Twalibu, ambaye baba yake anauza vitenge na ndugu zake wengine wako Tanga. Twalibu alipata kazi ya kupiga picha kwa kampuni moja ya ng'ambo. Kampuni ilikuwa inatengeneza programu ya simu ya kuwasaidia vipofu: mtu anaelekeza simu mbele yake, na simu inamwambia kilichopo. Ilikuwa na jina la Kizungu, lakini watu waliiita Jicho. Ili Jicho lijue vitu ilibidi lionyeshwe vitu, tena vya watu wa kila namna, siyo vya matajiri peke yao. Walitaka milango, masufuria, majiko, ndoo, viti. Walisema wazi kwamba wanataka vitu tu, watu wasionekane.

Twalibu aliyaeleza hayo kila nyumba, na kila nyumba walimwelewa, isipokuwa kwa Ndayikunda. Mama yake Ndayikunda, aliyezikwa Burundi, alikuwa amemfundisha kwamba mgeni haonyeshwi mlango ulio peke yake. Mlango usio na mtu ni mlango wa msiba. Hata sufuria hulifunui mbele ya mgeni ukaondoka. Unasimama kando yake mpaka alione, ndipo unamkaribisha. Kwa hiyo Twalibu alipoinua simu, Ndayikunda alikuja akasimama pembeni, kitambaa cha kijani kichwani, mkono wa kulia umeshika mwimo wa mlango.

"Dada, sogea kidogo. Wanataka mlango."

"Mlango si huu? Piga."

"Wanautaka peke yake."

"Nyumba yangu haijafiwa, kaka."

Twalibu alikuwa amelelewa vizuri. Akapiga. Kisha majirani waliokwenda kuni au kwenye mgao walisikia habari hiyo, wakaona ina maana, wakamwomba Ndayikunda awasimamie na milango yao. Kiangazi kile chote alizunguka na Twalibu nyumba hadi nyumba, akisimama kando ya kila mlango, kila sufuria, kila ndoo. Twalibu alikuwa amepanga kumkata kwenye picha kabla ya kuzituma. Hakumkata. Alimwambia mama yake kwamba picha zilipendeza zaidi akiwemo.

Jicho lilijifunza kama mtoto anavyojifunza, kwa kuonyeshwa kitu kimoja mara nyingi. Likajua kwamba mlango ni kile kitu ambacho pembeni yake husimama mwanamke mwenye kitambaa cha kijani. Sufuria vilevile. Ndoo vilevile.

Baadaye Mtendeli ilifungwa. Miti ya nyumba iling'olewa, nyasi zikarudi mahali pake, watu wakahamishiwa kambi iliyobaki upande wa Kibondo. Ndayikunda alihama na sufuria lake na kitambaa chake. Milango aliyoisimamia haipo tena, ila kule picha zake zilikotumwa.

Mwaka huo Ndayikunda alikuwa na haja moja, na bloku nzima waliijua. Alitaka kwenda Kasulu kumwona dada yake, Immakulata.

Vita vya kwanza vilipokuja nyumbani kwao, Ndayikunda alikuwa mtoto wa mgongoni. Shangazi yao alimshika Immakulata mkono wakavuka. Mama akabaki na mtoto wake mgongoni. Shangazi aliolewa na Muha wa Kasulu, Immakulata akakulia huko, akawa na kitambulisho kama watu wengine wa huko. Ukubwani macho yake yakaingia ukungu, na ukungu ule haukuondoka. Akawa anakaanga karanga na kuziuza. Ndayikunda alivuka miaka mingi baadaye, kwa vurugu nyingine, akapokewa kambini. Kutoka Kibondo hadi Kasulu ni safari ya asubuhi moja. Walikuwa wanasikizana kwenye simu tu, na kila mmoja alikuwa anaisikia sauti ya mama yao kwa mwenzake.

Immakulata aliwahi kufika mpaka kwenye kizuizi cha kambi, ameongozwa na jirani yake Shamsia. Wakaambiwa wageni wanaingia kwa kibali, na kibali kinatolewa mjini, na leo ni Jumamosi. Wakarudi.

Mkimbizi naye hatoki bila kibali. Karani wa vibali alikuwa na meza, muhuri na maua ya plastiki, na hakuwa mtu mbaya.

"Sababu ya safari?"

"Kumwona dada yangu."

"Mgonjwa?"

"Haoni."

"Kutoona siyo kuumwa. Wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Una kesi?"

"Sina."

"Mtihani?"

"Kwa umri huu, baba?"

"Nauliza kwa utaratibu. Kibali ni cha hospitali, cha kesi au cha mtihani. Kumwona ndugu hakumo."

"Basi uandike kwamba nimeomba."

Karani akaandika, ombi likawekwa juu ya maombi mengine. Ndayikunda alikuwa anaharakisha kwa sababu malori ya kurudi Burundi yalikuwa yameanza, na zoni zilikuwa zinaitwa kwa zamu. Zamu ya zoni yao ilisemwa itakuja mvua zikikatika. Akishavuka, Kasulu itakuwa nchi nyingine.

Ni wakati huohuo Jicho lilipotolewa. Lilianza kwa wenye simu za bei mbaya, katika nchi chache za baridi. Ndayikunda alikuwa anakoroga uji, na mahali fulani mtu asiyeona akaelekeza simu mlangoni, na Ndayikunda akawa pale, pembeni ya mlango, mkono kwenye mwimo. Uji haukuungua. Mkono ulikuwa unakoroga huku, naye mwenyewe yuko kule.

Alijifunza taratibu zake. Kule hawezi kusema, maana picha haina sauti. Hawezi kushika kitu wala kukibeba. Kinachorudi naye ni kile tu kilichomwangukia. Kwa mzee mwenye mbwa ilikuwa theluji, kwa sababu mlango ule ulikuwa wa nje. Kila asubuhi mzee alikuwa anauelekezea simu, simu inamwambia maneno kwa lugha yake, mzee anatamka neno moja. Ndayikunda alifahamu kwamba anasalimiwa. Akaitikia, "Amahoro," lakini haikusikika, basi akainama kama mtu mwenye adabu. Simu ikamweleza mzee. Mzee naye akainama. Mbwa akapiga miayo.

Twalibu alikuwa bado anapata taarifa za kampuni kwenye simu yake, na kila Jicho lilipofika mahali papya alikuja na pikipiki kumjulisha.

"Dada, wiki ijayo wanaitoa kwa simu za watu wa kawaida. Nchi nyingi kwa mpigo."

"Basi nitachoka."

"Utachoka kweli. Ukiwa na nguo za kufua, zifue sasa."

Akachoka. Kuna siku alisimama kando ya ndoo za nchi zenye mvua inayopiga kwa ubavu, na masufuria ya nchi zinazopika kwa nazi, na milango inayofunguka yenyewe. Alirudi na unga wa mbao, na moshi wa ubani, na manyoya ya paka, na maua ya njano ya mti ambao Kibondo haumo. Siku moja alirudi na vipande vya karatasi za rangi, vya harusi ya watu. Watoto wa Mpawenimana walivibandika mlangoni kwao kwa uji, na mpaka leo kimoja kipo.

"Hawa watu wako wanaoa bila kukualika," Mpawenimana alisema.

"Nilikuwepo. Nilisimama karibu kabisa na bibi harusi."

"Ulikula?"

"Sikula."

"Basi hukualikwa."

Lakini kila Twalibu alipokuja, Ndayikunda alikuwa anauliza neno moja: Tanzania je? Twalibu alikuwa anasema bado. Jicho lilikuwa bado linafundishwa Kiswahili, na kampuni ilisema nchi zinapangwa kwa zamu. Kule Kasulu, Shamsia alikuwa na kibanda cha kuchaji simu kilichopakana na nyumba ya Immakulata, na ndiye aliyemtafutia simu ya kupangusa iliyokwishatumika. Kila asubuhi alikuwa anaijaribu.

"Bado, dada Imma. Inasema haipatikani katika nchi yako."

"Nchi yangu ipi?"

"Hii hii, dada."

"Haya," Immakulata alisema. "Washa tena kesho."

Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho Jicho lilipofika Tanzania. Shamsia aliliweka kwenye simu adhuhuri, karanga za kwanza zikiwa zimetoka kwenye moto, na Immakulata amekaa sebuleni na ungo mapajani, anazifikicha maganda.

"Limekubali," Shamsia alisema. "Linaongea Kiswahili kabisa, tena cha Dar. Shika hivi. Elekeza."

Immakulata alielekeza kwanza kwenye moto.

"Kikaango," simu ilisema. "Ndani kuna karanga. Pembeni kuna mwanamke mwenye kitambaa cha kijani."

"Shamsia, umevaa kijani?"

"Nimevaa baibui. Nyeusi."

"Umesimama wapi?"

"Mgongoni kwako."

Immakulata akaigeuzia simu mlangoni.

"Mlango wa mbao, umefunguliwa. Pembeni kuna mwanamke mwenye kitambaa cha kijani. Mkono wa kulia umeshika mwimo. Ameinama."

Shamsia akatazama mlangoni. "Mimi namwona kuku tu."

"Wewe una macho," Immakulata alimwambia. "Ngoja kidogo." Akaisogeza simu mdomoni. "Ni nani huyo?"

"Siwezi kutambua watu kwa majina."

"Basi nieleze uso."

"Uso wa duara. Ana umri wa kati. Meno ya mbele yana mwanya. Anacheka au analia."

Immakulata aligusa kwa ulimi mwanya wa meno yake mwenyewe, ambao ulikuwa wa mama yao. Akatega sikio, kama mtu anayesikiliza kama maji yamechemka.

"Kaze," akasema. Ni neno la kumkaribisha mtu huko kwao, na hakuwa amelitumia tangu shangazi afariki. "Kaze, Ndayi. Kaze mwana wa mama."

"Mwanamke anafungua mdomo," simu ilisema.

"Anasema nini?"

"Sauti haimo kwenye picha."

Akainuka, akapapasa mpaka mlangoni. Mwimo ulikuwa na joto mahali ambapo mkono ungekaa, na juu yake na chini yake mbao ni baridi. Akauweka mkono wake hapo. Shamsia alimfukuza kuku, akaona si vizuri kuendelea kusimama, akaenda kuketi kibandani kwake.

Karanga haziwezi kungoja zikipoa, maganda hunata. Immakulata aliipa simu mahali juu ya kigoda, ikitazama mlango, akarudi kwenye ungo, akapepeta. Upepo wa Kasulu wakati ule wa mwaka hutoka vilimani na kupita nyumba za upande ule mlango kwa mlango. Maganda membamba mekundu yakaruka.

"Maganda ya karanga yanamwangukia mwanamke," simu ilisema. "Kichwani. Mabegani."

Immakulata akasimamisha mikono. Akafikiri. Kisha akapepeta tena, safari hii kwa makusudi, ungo umeuelekeza mlangoni.

Kule kambini Mpawenimana alimkuta Ndayikunda amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nywele na mabega yamejaa wekundu. Akaanza kumtoa moja moja, kama mtu anayemtafuta mwenzake chawa.

"Haya ni ya wapi tena?"

"Kasulu."

Mpawenimana aliacha mkono hewani. Halafu akaweka ganda moja mdomoni. "Dada yako anajua kukaanga," alisema. "Chumvi tu imepungua."

Tangu siku ile walionana kila adhuhuri. Jioni Ndayikunda alikuwa anapiga simu ya kawaida, ili na yeye apate kusema.

"Umekonda," alimwambia dada yake.

"Ni kazi. Na wewe Jicho linasema kitambaa chako kimechanika."

"Ni cha zamani. Bati lako limetoboka juu ya kitanda, umeshaambiwa?"

"Shamsia hajaniambia."

"Yeye haangalii juu. Weka bakuli."

"Nitaweka. Ndayi, mimi nakusogelea pale mlangoni, nashika mbao."

"Nakuona. Mkono wako unapita kwangu kama upepo. Nataka nije kweli."

"Wamejibu?"

"Bado."

Habari ikamfikia karani wa vibali, maana kambini hakuna habari inayolala nje. Akamwita. Ndayikunda akakaa kwenye kiti mbele ya maua ya plastiki.

"Nasikia unafika nchi za mbali."

"Nafika."

"Hizo hazimo katika mamlaka ya ofisi hii. Ukifika huko ni juu ya wenyewe." Alisogeza muhuri. "Lakini Kasulu imo. Nasikia na Kasulu unafika."

"Kila adhuhuri."

"Bila kibali."

"Kibali niliomba."

"Hakijajibiwa. Kutojibiwa siyo ruhusa."

"Basi nijibu, baba. Hata hapana ni jibu, nitajua pa kuanzia."

Karani alifungua mdomo, na ukutani saa ilikuwa adhuhuri. Maganda mekundu yakaanza kuanguka juu ya kichwa cha Ndayikunda, hapo hapo kwenye kiti, machache, halafu mengi. Mengine yalitua mezani, moja likatua kwenye muhuri. Dari lilikuwa zima na dirisha limefungwa. Ndayikunda alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, mkono wa kulia umeshika ukingo wa meza. Karani akangoja yamalizike. Yalipomalizika akalipuliza lile la kwenye muhuri.

"Ombi lako linashughulikiwa," alisema. "Kwa sasa nakupa onyo la mdomo. Usiende tena Kasulu bila kibali."

"Nitamwambia dada asipepete?"

Karani alifikiri. "Hilo liko nje ya mamlaka yangu," akasema, na akamwomba, akitoka, afagie.

Haukupita muda Twalibu akaja na pikipiki. Siku hiyo hakuizima haraka. Alikaa juu yake ikiunguruma, ndipo akaizima.

"Dada, watu wameandika kulalamika. Nchi nyingi. Kipofu anaambiwa kuna mwanamke mlangoni kwake, anamwita ndugu mwenye macho, ndugu anasema hakuna mtu. Wengine walikuzoea. Yule mzee wa mbwa aliandika kwamba uachwe, wakamjibu kwa shukrani. Lakini wengi wamelalamika. Kampuni imekubali kwamba ni kasoro."

"Kasoro ipi?"

Twalibu alitazama kioo cha pikipiki. "Wewe, dada."

"Nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu. Ni kwamba haupo, na Jicho linasema upo."

"Nipo."

"Mimi najua upo, nimekupiga picha mwenyewe. Wanatengeneza toleo jipya. Wamechukua milango mingine, isiyo na watu, mingi sana, wamelionyesha Jicho upya. Limeshajua mlango ni mlango."

Ndayikunda alimletea kigoda, na maji ya kunywa, akasimama kando mpaka alipomaliza. "Hawana msiba hao wenye milango?" aliuliza. Twalibu akasema hakuwauliza.

Toleo jipya likatoka kama lilivyotoka la kwanza, simu za bei mbaya kwanza, halafu za watu wa kawaida, nchi baada ya nchi. Ndayikunda hakuumia. Ilikuwa kama jirani anapozima redio ambayo hukujua ulikuwa unaisikiliza. Siku ya mwisho kwa mzee mwenye mbwa, theluji ilikuwa imekwisha na kuna majani mabichi mlangoni. Mzee aliinama. Ndayikunda akainama. Asubuhi iliyofuata hakuitwa. Maua ya njano yakakoma, ubani ukakoma, mvua za watu zikakoma, nguo zake zikawa zinakauka kambani kama za wengine. Mpawenimana alisema sasa angalau amepumzika.

Ikabaki Kasulu.

"Dada Imma, inauliza," Shamsia alisema siku moja, ameishika simu. "Kuna toleo jipya. Inauliza kama unataka kusasisha."

"Nikisasisha?"

"Ndayi ameambiwa na Twalibu kwamba ukisasisha, yeye hatakuwepo."

"Nikikataa?"

"Itauliza tena kesho. Nimezima ile ya kujisasisha yenyewe, lakini kuuliza siwezi kukuzima."

"Basi na iulize," Immakulata alisema. "Mdomo ni wake."

Mvua zikakatika. Zoni yao ikatangaziwa zamu kwa kipaza sauti, asubuhi, watu wakiwa bado kwenye foleni ya bomba. Ndayikunda aliweka dumu chini akaenda ofisini. Karani alimwonyesha mahali ombi lake lilipo. Lilikuwa juu, halafu likawa katikati, sasa lilikuwa chini, na yaliyo juu yake yalikuwa ya watu wengine wenye dada mahali pengine.

"Litafikiwa," karani alisema. Alilisema kwa upole.

"Nami naondoka keshokutwa."

"Likifikiwa na wewe hupo, litarudishwa."

"Kwa nani?"

Karani akalirudisha chini ya yale mengine.

Siku ya malori palikuwa na ukungu mpaka jua likapanda. Mpawenimana alipanda kwanza na watoto wake na kuku wawili kwenye kikapu, akamshikia Ndayikunda nafasi kwa kukaa vibaya. Mtu wa kukagua mizigo alipita akifungua na kufunga. Akalifunua sufuria, akaona liko tupu, akamtazama Ndayikunda aliyesimama kando yake mpaka alipolifunika. Msururu ulichelewa kuondoka, mpaka adhuhuri, na walipokuwa bado kwenye lori maganda mekundu yakaanza kumwangukia, kichwani na mabegani, yakamjaa Mpawenimana mapajani.

"Nini hicho?" aliuliza mtu wa mizigo.

"Maganda ya karanga."

"Mmezibeba karanga? Hazimo kwenye orodha."

"Hatukubeba," Mpawenimana alisema. "Zimetoka Kasulu sasa hivi. Dada yake anaaga."

Yule mtu alitazama juu, ambako hapakuwa na kitu ila mbingu ya Kibondo, akagonga bodi ya lori kwa kiganja, na lori likaondoka. Watu waliofagia njia baadaye wanasema maganda yalifuatana na lori mpaka penye kona, na kwamba toka pale hawakufuatilia, maana walikuwa na eneo lao la kufagia.

Kasulu, kesho yake, Immakulata alikaanga karanga kama kawaida. Alizitoa motoni, akakaa na ungo mapajani, akaiweka simu juu ya kigoda, ikitazama mlango. Shamsia alikuwa kibandani, anamhesabia mtu chenji.

"Toleo jipya lipo," simu ilisema. "Je, ungependa kusasisha sasa?"

Immakulata alizifikicha karanga, akayapima maganda kwa vidole. Kisha akainua ungo, akaugeuzia mlangoni, akapepeta.

"Je, ungependa kusasisha sasa?"